Teria wa Nainai na Vicheche Weupe

Mwezi wa Machi uliopita nilirudi Guangzhou kununua mizigo, nikafikia hoteli moja mtaa wa Dengfeng, pale ambapo siku hizi ukipiga chafya unaweza kuitikiwa kwa Kiswahili, kwa Kilingala na kwa Kifaransa. Asubuhi nilipoamka nilikuta kuta zinalia. Usidhani nakutania, mwenzangu. Kila mwaka baridi inapomalizika, upepo wa joto hutoka kusini ukazikuta nyumba bado zimepoa, basi maji huchuruzika ukutani kama jasho la mtu mwenye homa, sakafu ikateleza, nguo zikagoma kukauka, na ukungu ukaingia mpaka kabatini. Wafanyabiashara wenzangu walikuwa wakilalamikia makatoni yao yanayolowa. Mimi nilisimama mbele ya ukuta ule, nikauwekea kiganja, nikamkumbuka mbwa.

Nilikuwa mtoto wa kike wa miaka tisa au kumi hivi, ile miaka ya mwisho ya tisini, wakati Waafrika mjini humo bado ni wa kuhesabika na watoto wao ni kitu cha kutazamwa njiani. Baba yangu alikuwa mfanyabiashara wa nguo kutoka Unguja. Alizoea kununua Bangkok, na biashara ya huko ilipoyumba akasikia kwamba Guangzhou kuna jinzi na mashati ya bei ya chini, akahamia, kisha akatuita mimi na mama. Tulipanga ghorofa ya juu ya nyumba ya bibi mmoja, ndani ya kichochoro chembamba karibu na Xiaobei. Ghorofa ya kati aliishi mwenyewe bibi mwenye nyumba. Ya chini ilikuwa stoo, ambamo baba aliweka marobota yake mpaka kontena lijae, na kutwa nzima ulisikia selotepu ikivutwa, kraa, kraa, hadi leo nikiusikia mlio ule najihisi nipo nyumbani.

Bibi mwenye nyumba nilimwita Nainai, yaani bibi kwa lugha yao. Hakuwa mtu wa Guangzhou. Alizaliwa mbali kaskazini mashariki, kwenye theluji, na majirani walimcheka lafudhi yake kama watu wa mjini wanavyomcheka mtu wa shamba. Kichina changu chote nilikipata jikoni kwake. Alipika uji wa mahindi ambao mama alipouonja alisema kumbe binadamu ni wale wale, na alitupikia viandazi vya mvuke vya mayai na majani ya kitunguu katika sufuria aliyoinunua mama, iliyowekwa peke yake juu ya kabati, isichanganywe na zile za nguruwe.

Basi katika nyumba ile alikuwemo mbwa. Aliachwa na mpangaji aliyetutangulia, fundi wa Kizungu aliyekuja kufunga mashine akaondoka bila kuaga vizuri. Alikuwa mbwa mdogo mpana wa kifua, manyoya yake ya kukwaruza, wa aina waiitayo teria, na alikuwa mtu mzima tayari, mwenye mvi mdomoni na tabia zilizokwisha kukomaa. Kazi yake ilikuwa panya. Ungemwona akiruka juu ya marobota, pua chini, mkia juu, akimpata panya anamtikisa mara moja tu, kwisha. Baba, ambaye kwao mbwa haingii hata uani, alikuwa akisema kwamba mfanyakazi yule hali mshahara na halali usingizi.

Nilimpenda mbwa yule kuliko kitu chochote katika mji ule. Mama hakunikataza, ila aliniwekea sheria: mkono mkavu na mbwa mkavu, hapana neno, ulimi wake ukikugusa, unaosha mara saba, na moja kwa udongo, kama tulivyofunzwa kwetu. Sasa udongo ghorofani utautoa wapi? Nilikuwa nachota kwenye vyungu vya maua vya Nainai, hata mizizi ya mawaridi ikaanza kuchungulia nje, naye akawa anawalaumu mende.

Vicheche waliletwa na mwanawe Nainai. Alikuwa akifanya kazi huko kaskazini katika shamba la kufuga wanyama wa manyoya, shamba likafungwa, naye akaja na kapu lenye wawili waliosalia. Nawaita vicheche kwa kuwa sina neno lililo karibu zaidi. Ni wanyama wa jamii hiyo, wa kufugwa, warefu na wembamba, weupe wote, macho mekundu, na wana harufu nzito inayoshika nguo. Wakiamka hucheza kwa kurukaruka mgongo ukiwa umepinda. Wakilala, mwenzangu, hulala wakawa wafu. Unamnyanyua mmoja anakuning'inia mkononi, kichwa kinakwenda huku na huku, hahisi, haamki, na wewe unabaki unamtafuta pumzi kwa shavu lako.

Nainai hakuwapokea kama watu wanavyopokea wanyama. Aliwawekea yai kwenye kisahani, akawainamia, akawaambia kwa ile lugha ya heshima anayozungumziwa mkubwa kwamba nyumba ni yao. Baadaye alinieleza kwa sauti ya chini. Kwao, wanyama warefu wa namna ile hawatajwi kwa jina lao, huitwa kwa cheo. Ukimdhuru mmoja, deni linaingia nyumbani, na mtu wa nyumba hiyo siku moja ataanza kusema kwa sauti isiyo yake. Alimwona shangazi yake akisema hivyo, akidai kuku na kutaja majina ya watu waliokufa zamani. Nilipomtafsiria mama, aliacha kumenya kitunguu. Akaniagiza nimjibu bibi kwamba kwetu wapo pia, ila wa kwetu wanapenda halua. Tangu siku hiyo wanawake wale wawili, ambao hawakuwa na maneno matano ya kusikilizana, wakawa mashoga.

Siku ya kwanza mbwa alipowasikia kapuni alisimama. Hakubweka. Aligeuka jiwe, sikio mbele, mguu mmoja umekunjwa, na matone ya ukutani yalikuwa yakimdondokea mgongoni asiyahisi. Nainai alimtazama kwa muda, kisha akatoa hukumu yake waziwazi, mbele ya baba. Mbwa ajifunze kukaa na wazee wale. Akimtia jino mmoja wao, ataondoka na dereva anayemletea baba jinzi kwenda Xintang zinakoshonwa, kwenye karakana iliyokuwa inatafuta mbwa wa kufungwa mnyororo getini. Niliwahi kufuatana na baba kwenda Xintang. Niliona mbwa wa magetini kule, na mfereji unaopita mbele yao ukiwa na maji ya buluu ya kutilia rangi vitambaa, na mbwa wanayanywa. Siku ile sikula.

Kwa hiyo kazi ya kumfundisha nikaichukua mimi, chini ya macho ya Nainai, aliyeelekezwa na mwanawe kabla hajarudi kaskazini. Mwanawe alisema mbwa mtu mzima wa aina ile hawezi kuondolewa uwindaji, umo kwenye damu. Unachoweza ni kumfanya awahesabu hawa kuwa watu wa nyumbani. Na mbwa watu wa nyumbani anawajua kwa pua. Tulianza bila kuwaonyesha. Vicheche chumba kimoja cha ghorofa yetu, mlango umefungwa, mbwa upande wa pili. Matambara waliyolalia vicheche tukayatandika chini ya bakuli la mbwa, ale akiwa juu ya harufu yao, na taulo lake kuukuu tukalitia kizimbani mwao. Kila baada ya siku chache tunabadilishana. Mwanzoni alikuwa akiyakung'uta matambara kama panya. Kisha akayazoea. Kisha, jioni moja, nikamkuta ameyalalia.

Hapo ndipo tukampeleka chumbani, amefungwa kamba, baada ya kumtembeza mpaka ulimi uning'inie, akae pembe moja na kizimba kiwe pembe nyingine juu ya meza. Akigeuza macho kutoka kwao, kipande cha ini. Akiwakazia macho, tunatoka. Nainai alinifunza kutohofia kubweka wala kuhangaika. Alinifunza kuhofia utulivu. Mama, aliyekuwa akitutazama kutoka mlangoni na kitambaa puani, alisema hayo kwetu yanajulikana, kimya kingi kina mshindo mkuu. Kidogo kidogo pembe zikasogeleana. Vicheche wakatolewa nje, naye kamba bado mkononi mwangu. Wakamchezea mkia. Wakamnusa mvi. Siku aliyojilaza ubavu akamwachia mmoja apite juu ya tumbo lake nililia, na aliponilamba mkono nikaenda kuchota udongo kwa furaha.

Lakini nisikudanganye kwamba nyumba ilikuwa ya raha. Ukungu haukuondoka wiki zile. Mchana, watu wa kichochoroni wanapolala baada ya chakula na selotepu imenyamaza, niliwahi kuwakuta wote watatu wamekaa safu moja, vicheche wamesimama kwa miguu ya nyuma, mbwa katikati, wanautazama ukuta mmoja ulio mtupu. Nilipogusa mahali pale palikuwa pakavu, na ukuta wote uliobaki unachuruzika. Mama naye alisema akisali adhuhuri vicheche humkalia nyuma ya mswala, wima, na akitoa salamu hawapo. Hakusema kwamba anaogopa. Aliongeza tu aya katika nyiradi zake.

Ikaja Idi Kubwa. Baba alikuwa amewaalika wafanyabiashara wenzake wachache wa Dar na Unguja, waliokuwa wanakaa mahotelini, wapate kula biriani ya nyumbani. Sasa sikiliza namna ya watu wetu. Nyumba ya Idi haiwezi kunuka kicheche. Asubuhi ile mama aliosha sakafu, akaosha mapazia, akayakusanya matambara yote ya kizimbani akayatia ndooni barazani kuyaloweka baadaye. Kisha, kwa kuwa nguo zetu zilikwisha fukizwa na kikapu cha kufukizia bado kiko juu ya chetezo, akawatazama vicheche akawahurumia. Akawaogesha kwa sabuni ya marashi. Akawafunika kikapuni, akatia udi juu ya makaa, akawafukiza kama anavyofukizwa mtoto mchanga. Hakuwa na nia mbaya hata chembe. Alitaka wageni wa nyumba nao waipate Idi. Nainai alipoingia akakuta moshi unapanda kuzunguka wazee wake weupe, aliweka viganja pamoja kwa shukrani, kwani hata kwao moshi ni heshima.

Wageni walikula wakaondoka, wakiwa wamesifu biriani na kuulizana bei za soko la nguo la Shahe. Baada ya sala ya alasiri nikamleta mbwa, kamba imelegea, kama siku zote. Mama alikuwa anakunja mkeka, Nainai amekaa na chai yake. Mbwa aliingia akitikisa mkia, akaenda moja kwa moja mahali wenzake wanapokuwa. Akanusa. Mkia ukasimama. Akanusa mmoja, akamnusa mwingine, akarudi kwa wa kwanza. Mbele yake palikuwa na miili ile ile, ikitembea vile vile, na ndani yake hamna wale anaowajua. Nilimwona akiuliza, mwenzangu. Alinigeukia akanitazama. Kisha akageuka jiwe, na kabla sijavuta kamba alikuwa amemkamata mmoja shingoni.

Nainai alimmwagia chai ya moto usoni na hilo ndilo lililomzuia kumtikisa. Mbwa akaachia. Kicheche alianguka kwenye mkeka, laini kama soksi, mdomo wazi. Hapakuwa na damu. Mama alimweka juu ya kanga akamsikiliza kifuani, akasema hajui. Nainai alipiga magoti, uso umemwishia rangi, akawa anaomba radhi kwa maneno ambayo sikuyajua. Baba alipanda kutoka stoo akaona. Alisema kwa upole kwamba dereva yuko chini anapakua oda ya jinzi, na kwamba ahadi ni ahadi. Akamchukua mbwa kutoka mkononi mwangu, akamfunga barazani asubiri gari.

Nilimfuata nje. Nilidhani nitamkuta ameinamisha kichwa. Alikuwa amefika mwisho wa kamba, ameiangusha ile ndoo ya mama, ameyavuta matambara machafu yote kwa mguu, amejilaza juu yake, na mkia unapiga sakafu. Alikuwa amewaona wenzake. Mama alitoka nyuma yangu, akasimama akayatazama matambara, akamtazama mbwa, akanusa kiganja chake mwenyewe. Nilijua hapo hapo ameelewa, maana alikaa chini, yeye na nguo zake za Idi, kwenye sakafu iliyolowa.

"Mwambie bibi," akasema. "Mwambie huyu mbwa hana makosa. Mie ndo nilowafuta harufu."

Nikatafsiri. Nainai alisikiliza mpaka mwisho. Alimshika mama bega, akamwinua. Lakini akanijibu kwamba si yeye wa kusamehe, si yeye aliyeumizwa, tukamuulize mwenyewe. Chini gari lilikuwa linapiga honi.

Tukakaa sakafuni kuizunguka ile kanga, baba amesimama mlangoni. Nainai akapasua yai kwenye kisahani akaliweka karibu na pua ya kicheche. Wakati ule taa zote zilikuwa bado hazijawashwa, na mwanga wa dirishani ulikuwa mweupe wa ukungu, hauna upande unaotokea. Yule kicheche wa pili alisimama wima kwenye pembe, akawa anatazama. Maji yalitona. Mama alikuwa akisoma kwa midomo. Dereva akapiga honi tena, baba akaanza kugeuka ashuke.

Kicheche akainuka. Hakuinuka kama anayezinduka, kwa kuyumba na kupepesa macho. Aliinuka mara moja, kama mtu aliyekuwa amejilaza kwa hiari yake. Akalipita yai. Akapita katikati yangu na mama, akatoka mlangoni kati ya miguu ya baba, akashika njia ya barazani alikofungwa mbwa, na hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kumzuia. Sisi tukafuata. Alimwendea mbwa mpaka uso kwa uso. Mbwa alikuwa ameloa chai, shavu limevimba. Alikuwa anatetemeka mwili mzima. Kicheche akamnusa pua kwa utulivu, akashika tambara moja kwa meno, akalivuta kutoka chini ya kifua cha mbwa taratibu, akaondoka nalo. Mbwa alikuwa amefumba macho.

"Amesema," Nainai alinong'ona. "Abaki."

Baba akashuka kumwambia dereva aende zake. Mimi niliangukia shingo ya mbwa, mbichi kama alivyo, na mama hakunitaja udongo.

Tangu siku ile mbwa hakuwagusa tena. Ukimwacha nao, hata bila kamba, hapana hatari yoyote, na mwana wa Nainai alipokuja akashangaa, akasema huko kaskazini ameona wengi wakijaribu na wakazika. Harufu zilirudi, udi ulikwisha siku chache tu. Na huyu aliyekuwa amebaki pembeni, mbwa alimrudia vizuri, wakalala pamoja. Lakini yule aliyeinuka, kila alipoingia chumbani, mbwa alisimama akaenda kuelekeza uso ukutani mpaka atoke. Nilijaribu matambara upya, nikajaribu ini, nikajaribu kila tulichojua. Pua yake ilikuwa na jibu lake. Nainai naye alianza kumwekea mayai mawili huyo mmoja, na nilipomuuliza sababu aliniambia nile uji wangu.

Panya pia mbwa aliwaacha. Alikaa katikati ya stoo wakampitia mbele, wakatoboa robota baada ya robota, na baba hakulalamika hata mara moja, kwa ajili ya mama. Watu wa kichochoroni walikuja kumwona mbwa anayekaa na vicheche, wakanisifu, wakanipa peremende, Nainai akawaambia kwa fahari kwamba ni kazi ya mjukuu wake mweusi. Yote niliyoyaomba nilipewa. Baada ya mwaka hivi kichochoro kilibomolewa, Nainai akarudi kwao kwa treni pamoja na wote watatu, na mahali pale leo pana jengo la vioo ambalo nililipita Machi bila kulitambua. Wote watakuwa wamekwisha kufa, na mama naye ametutangulia. Watu huniuliza kama sikuumia kuachana na mbwa yule pale stesheni. Niliumia, lakini si sana. Nilikuwa nimekwisha kuanza kumlilia kabla ya hapo, mchana wa kimya kama ule wa siku zote, naye amelala hai miguuni pangu, panya anatembea juu ya marobota, na yeye anamtazama tu.